Mtoto haongezeki tumboni: sindano za mapafu zichomwe lini, na kwa umri upi?

mkunga_ziwani (Uvinza)

Habari za kazi wakuu. Naleta jambo linalotugawa huku vituo vya mwambao wa ziwa, tulimalize.

Mama yupo kliniki, mimba ya pili, kimo cha tumbo kimegoma kupanda. Kadi inasoma hivi: wiki 22 sentimita 22, wiki 26 sentimita 25, wiki 30 sentimita 26, wiki 32 sentimita 27. Wiki zimehesabiwa kwa hedhi ya mwisho. Tarehe anaijua, mzunguko wake haubadiliki, na kliniki alianza wiki ya 13. Presha 138/88, mkojo una protini alama moja. Katumwa ultrasaundi, karudi na karatasi: "Mimba ya wiki 28 na siku 4, mtoto mmoja, kichwa chini, mapigo yapo, maji yamepungua kidogo." Uzito wa mtoto haukuandikwa, dopla (kipimo cha mkondo wa damu kwa ultrasaundi) haikupigwa.

Hapo sasa. Mmoja anafuta 32 kwenye kadi anaandika 28. Mwingine anasema mtoto amedumaa, achomwe sindano za mapafu (steroidi za kukomaza mapafu ya mtoto, kama deksamethasoni) leo leo, rufaa baadaye. Wa tatu anasema mtoto aliyebanwa tumboni mapafu yake hukomaa yenyewe kwa ile shida anayopata, sindano ni kumwongezea mzigo tu. Nani yuko sahihi? Na dozi je? Wapo wanaotoa 12 mg mara mbili, wapo wa 8 mg kwa sababu ndiyo ampuli nzima, wapo wa 6 mg. Rufaa yetu ni Maweni, hospitali ya mkoa Kigoma, na ukiwa vijiji vya kusini kama Kalya unaanza na boti.

---

picha_na_mawimbi

Sista, huyo aliyefuta 32 amrudishie mama wiki zake kabla hamjagusa kitu kingine.

Mashine ya ultrasaundi haijui mimba ina umri gani. Inapima kichwa, tumbo na paja, halafu inakwambia mtoto wa kawaida mwenye vipimo hivi huwa na wiki fulani. Ukimpima aliyedumaa, inakupa umri wa mtoto wa kawaida aliye mdogo kama yeye. Ukilichukua jibu hilo ukaliandika kama umri, udumavu wote umeyeyuka: wiki 28, vipimo vya wiki 28, "anaendelea vizuri". Mama anaambiwa arudi baada ya mwezi.

Umri wa mimba huwekwa mara moja, mapema, na hauguswi tena. Urefu wa mtoto toka kichwani hadi matakoni, ukipimwa kabla ya wiki 14, hukosea siku 5 hadi 7 tu. Kuanzia wiki 28 kwenda mbele, ultrasaundi inaweza kukosea kwa wiki 3 huku au huku, hata kwa mtoto mwenye afya. Kwa mama huyu mna hedhi yenye tarehe, mna hudhurio la wiki 13, na mna kimo kilichogonga sentimita 22 wiki ya 22. Vitu vitatu vinakubaliana. Ni wiki 32.

Sasa rudini kwa aliyepiga picha mkamwombe vipimo vyenyewe, kimoja kimoja, maana "28 na siku 4" ni wastani. Mfano wa karatasi inayoweza kutoa wastani huo: upana wa kichwa wiki 29 na siku 4, mzunguko wa kichwa wiki 30, paja wiki 29, tumbo wiki 26. Jumlisha, gawa kwa nne, unapata 28 na siku 4. Lakini tazama tumbo peke yake: liko nyuma ya kichwa kwa wiki 4. Mtoto anayekosa chakula kutoka kwenye kondo huulinda ubongo kwanza, ini linabaki bila akiba ya sukari, na ini ndilo linalojaza sehemu kubwa ya tumbo lake. Wastani umelizika jambo hilo kabisa.

Makosa ninayoyaona zaidi yapo kwenye kupima tumbo. Picha sahihi ni ya mviringo, inaonyesha tumbo la chakula na mshipa wa kitovu ukiwa umejikunja ndani ya ini, na figo hazionekani. Ukikata kwa mshazari unapata yai, na yai hukuongezea milimita. Ukikandamiza probu sana, vilevile. Milimita kumi za uongo kwenye tumbo zinatosha kumfanya mtoto aliyedumaa aonekane mzima.

Kama tarehe ya hedhi haijulikani kabisa, pimeni upana wa serebelamu (ubongo wa nyuma). Mpaka karibu wiki 24 milimita zake zinakaribiana na wiki za mimba, baada ya hapo tumieni jedwali. Serebelamu huchelewa kuathirika, kwa hiyo haidanganyi sana kama tumbo.

Karatasi ya kumtuma daktari iwe na: vipimo vyote vinne, uzito wa kukadiria na asentaili yake (nafasi yake kati ya watoto 100 wa umri huo) kwa wiki 32 (siyo kwa 28!), kina cha mfuko mkubwa wa maji kwa sentimita (chini ya 2 ni machache), na dopla ya ateri ya kitovu. Kwenye dopla jibu linalotakiwa ni moja kati ya haya: mkondo wa mwisho wa pigo (damu inayoendelea kwenda kwenye kondo moyo wa mtoto unapopumzika) upo, haupo, au unarudi nyuma. Na tafadhali msirudie vipimo vya ukuaji kabla ya wiki 2 kupita. Mtoto hakui kwa kasi ya kushinda makosa ya kipimo. Dopla ndiyo inayoweza kurudiwa mapema.

---

Dkt_wodi_ya_wazazi

Umri umekaa sawa, asante. Sasa sindano. Sista, yule wa pili na yule wa tatu wote wamekosea.

Sindano hizi hazitibu udumavu. Haziongezi uzito, hazifungui kondo. Zinaharakisha mapafu ya mtoto kutengeneza ile surfaktanti inayozuia vifuko vya hewa kugandamana, na zinapunguza damu kuvuja kwenye ubongo wa njiti. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "mtoto ni mdogo?" Jiulizeni kama mtoto huyu anatarajiwa kuzaliwa ndani ya siku 7 zijazo, na kabla ya wiki 34. Yote mawili yakiwa ndiyo, choma. Moja likiwa hapana, subiri. Faida kubwa hupatikana kuanzia masaa 24 baada ya dozi ya kwanza mpaka siku 7, kisha inashuka. Ukimchoma leo kwa sababu kimo ni kidogo, halafu akajifungua wiki ya 36, mtoto amebeba madhara ya dawa bila faida yake.

Ndiyo maana kwa mtoto aliyedumaa saa ya sindano inahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya kuzalisha. Kwa mama mwenye uchungu wa mapema hujui atazaa lini, unakisia. Huyu wa udumavu, mara nyingi daktari ndiye anayepanga siku. Miongozo mingi ya kimataifa iko karibu hivi: mkondo wa mwisho kwenye ateri ya kitovu ukirudi nyuma, mtoto hutolewa kati ya wiki 30 na 32, usipokuwepo, wiki 32 hadi 34, ukiwepo ila ukinzani umepanda, husubiriwa hadi karibu wiki 37. Mdogo mwenye dopla nzuri na mama asiye na presha anafika 38 au 39. Makundi mawili ya mwanzo ndiyo yenye sindano. La tatu na la nne kwa kawaida hayana, labda presha ya mama ivuruge mpango.

Mama wenu yuko wiki 32, maji yamepungua, protini ipo, presha inapanda. Anaweza kuwa kundi lolote kati ya hayo, na dopla ndiyo itakayosema. Kwa hiyo anahitaji rufaa leo. Sindano inafuata jibu la dopla.

Shirika la Afya Duniani linataka mambo matano yawepo kabla ya kuchoma, na sioni la kupunguza hapo. Umri wa mimba ujulikane kwa uhakika, kati ya wiki 24 na 34. Kuzaa kabla ya wakati kuwe kunatarajiwa kweli. Mama asiwe na dalili za maambukizi. Pawepo huduma ya kutosha ya kumzalisha. Na pawepo huduma ya njiti: kumzindua, kumpa joto, kumlisha, kutibu maambukizi, na kumsaidia kupumua, pamoja na sipapu (CPAP, mashine ya kusukuma hewa puani). Shirika hilohilo linapendekeza sindano hata pale njiti anayetarajiwa ni aliyedumaa, kwa hiyo udumavu si sababu ya kumnyima.

Kuhusu mapafu kukomaa yenyewe: ni imani ya zamani, ilifundishwa hata vyuoni. Ni kweli mtoto aliyebanwa huwa na kortisoli (homoni ya mwili ya wakati wa shida) yake nyingi kuliko kawaida. Lakini wakizaliwa wiki moja, njiti aliyedumaa hufariki zaidi kuliko njiti mwenzake aliyekuwa vizuri, na kubanwa pumzi hakumkwepi. Msiitegemee kortisoli yake.

Ila huyu wa tatu ana hoja kwa upande mmoja. Mtoto aliyedumaa anaingia kwenye sindano akiwa hana akiba, kwa hiyo ufuatiliaji wake lazima uwe mkali kuliko wa wengine. Mambo mawili ndiyo huwapoteza watu:

Kwanza, dopla mara nyingi hupendeza baada ya sindano. Mkondo uliokuwa haupo unarejea ndani ya siku moja au mbili. Watu wanafurahi, mama anaruhusiwa. Kondo halijapona! Ni dawa imelegeza mishipa kwa muda, siku chache baadaye hali inarudi palepale au mbaya zaidi. Mama mwenye dopla mbaya aliyechomwa habanduki wodini.

Pili, siku ya pili na ya tatu mtoto hupunguza kucheza na mapigo yake hunyooka, hayapandi na kushuka kama kawaida. Hurejea kati ya siku ya nne na ya saba. Asiyejua hili anakimbiza mama tieta kutoa njiti wa kilo moja kwa sababu ya dawa aliyoichoma mwenyewe. Lakini sindano haielezi mapigo yanayoshuka na kurudi, yanayoshuka na kurudi. Hayo ni ya mtoto mwenyewe, yanataka uamuzi saa hiyohiyo.

Na kama mama ana kifafa cha mimba, au kondo linaachia, hakuna kusubiri dozi nne ziishe. Dozi ya kwanza ikitangulia, vizuri. Uzalishaji hausubiri sindano. Akiwa chini ya wiki 32, kumbukeni na magneziamu salfeti kwa ajili ya ubongo wa mtoto.

---

Mfamasia_Isevya (Tabora)

Nimalizie la dozi, maana hapo ndipo panapoharibika kimyakimya.

Deksamethasoni: 6 mg kwenye msuli, kila baada ya masaa 12, dozi 4. Jumla 24 mg. Betamethasoni: 12 mg kwenye msuli, kila baada ya masaa 24, dozi 2. Jumla 24 mg vilevile. Ile "12 mg mara mbili" mnayoiona ni ya betamethasoni, imehamishiwa kwenye deksamethasoni kwa kuchanganya. Na betamethasoni inayopewa kila masaa 24 ni ile yenye mchanganyiko wa fosfeti na asetati, maji meupe kama maziwa. Ya fosfeti peke yake ni maji safi, hutoka mwilini upesi, ratiba hiyo haiifai.

Ampuli ya deksamethasoni tunayoipata mara nyingi ni 4 mg kwa mililita moja. Zipo za ml 1 (4 mg) na za ml 2 (8 mg). Kwa hiyo 6 mg ni ml 1.5, popote pale. Ukiwa na ampuli za ml 2, vuta 1.5, iliyobaki mwaga. Ukiwa na za ml 1, fungua mbili, vuta moja na nusu, nusu mwaga. Usiiweke nusu kwenye sirinji ikisubiri masaa 12. Maana yake mama mmoja anahitaji ampuli 4 za ml 2 au ampuli 8 za ml 1. Wakati wa kuagiza dawa hesabuni hivyo. Anayeagiza "24 gawa kwa 4, ampuli 6" anabaki na dozi ya nne haipo, na ndipo wanapoanza kutoa 4 mg.

Wa 8 mg kwa kuogopa kumwaga nusu ml: jumla yake ni 32 mg. Kwa mtoto aliyedumaa, dawa ya ziada ni uzito wa ziada unaopungua. Hakuna faida.

Prednisoloni ya vidonge na haidrokotisoni hazifai kwa kazi hii. Kondo lina kimeng'enya kinachozizima kabla hazijamfikia mtoto. Deksamethasoni na betamethasoni ndizo zinazopita. Na deksamethasoni yenyewe iwe ya sindano, siyo vidonge.

Halafu saa. Nimeona chati imeandikwa "saa 4", aliyeingia zamu akasoma 4:00, yaani saa 10 alfajiri, akachoma dozi ya pili masaa 6 kabla ya wakati wake. Na ukiandika "kila saa 12" kuna atakayeelewa asubuhi saa 12 na jioni saa 12, hata kama dozi ya kwanza ilikuwa saa 9 mchana. Andikeni 10:00, 22:00, 10:00, 22:00, na tarehe pembeni ya kila moja, zote nne kabla sindano ya kwanza haijachomwa. Kila anayechoma aweke saini mbele ya saa yake.

---

mkunga_ziwani

Asanteni sana Dokta, na wewe mfamasia. La ampuli 8 limenigusa, sisi tuna za ml 1.

Yamebaki matatu. Mama wa Kalya, boti ni ya kesho: nimchome dozi ya kwanza hapa ndiyo aondoke, au aende mikono mitupu? Pili, malaria. Huku mama mwenye homa na kipimo cha haraka chanya ni wa kila siku, je hiyo ni "maambukizi" yanayozuia sindano? Tatu, kuna anayesema upo utafiti ulioonyesha sindano hizi vijijini zinaua watoto. Kweli au maneno ya vijiweni?

---

Dkt_wodi_ya_wazazi

Nianze na la tatu kwa sababu linajibu la kwanza.

Ni kweli. Utafiti wa ACT, uliochapishwa 2015, ulifanyika maeneo ya nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo. Ulisambaza sindano hizi mpaka ngazi za chini kabisa. Kwa watoto wadogo sana vifo havikupungua, na ukichukua watoto wote waliozaliwa, vifo vya siku 28 vilikuwa 27.4 kwa kila 1,000 upande wa sindano na 23.9 upande mwingine. Maambukizi ya kina mama nayo yaliongezeka. Umri wa mimba ulikuwa wa kukisia, na wengi waliochomwa hawakuzaa njiti.

Kisha ukaja ACTION, 2020, chini ya Shirika la Afya Duniani: hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, wanawake 2,852, wiki 26 hadi chini ya 34, umri umethibitishwa kwa ultrasaundi, hospitali zina huduma ya njiti. Deksamethasoni 6 mg mara nne, dawa hiihii mliyonayo kabatini. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6, kwa wasiopewa dawa 23.5. Kwa hiyo yale mambo matano ya juu hayakuandikwa kujaza karatasi. Tofauti ya tafiti hizi mbili inaonyesha kwa nini yanatakiwa.

Rufaa ya Kalya. Piga 115, m-mama (usafiri wa dharura wa wajawazito na wachanga), ni bure, eleza kwamba ni mimba ya wiki 32 yenye mtoto aliyedumaa. Kisha uongee na daktari anayempokea, yeye ndiye aamue dozi ya kwanza. Mama mwenye presha 170/115, mtoto mdogo, ambaye hakuna shaka atazalishwa ndani ya siku mbili tatu akifika: huyo naona haja ya kuanza huko, ili masaa ya safari yawe tayari ndani ya hesabu. Mama wa kadi yako ya juu, presha 138/88, dopla haijulikani: aende bila sindano. Ukimchoma leo na dopla ikaonekana nzuri, umetumia kozi yake bure, na siku atakapoihitaji kweli tutaanza kubishana kama tumrudie.

Kilichoanzishwa kiandikwe kwenye barua ya rufaa: dawa, mg, tarehe na saa. "Amepewa sindano ya mapafu" haitusaidii. Tukishindwa kujua, tunaanza upya, mtoto anapata dozi mara mbili. Na kadi ya kliniki isibaki nyumbani, ndiyo yenye ushahidi wa umri.

Malaria. Maambukizi yanayonitisha ni ya mfuko wa uzazi na ya damu: homa 38 au zaidi, maji yenye harufu, tumbo la uzazi linauma ukiligusa, mapigo ya mama yamevuka 100, ya mtoto 160. Hapo kinachotakiwa ni antibayotiki na kumzalisha, siyo kununua siku mbili za sindano. Kipimo cha malaria kikiwa chanya, tibu malaria, lakini usikomee hapo. Kigoma na Tabora kipimo chanya hakimalizi maelezo ya homa. Mama anaweza kuwa na malaria na chupa (mfuko wa maji ya uzazi) iliyooza kwa pamoja. Chunguza dalili zile nyingine kwanza. Zisipokuwepo na homa ikashuka kwa dawa, mpango wa sindano unaendelea. Tena vijidudu vya malaria hujificha kwenye kondo na ni sababu mojawapo ya udumavu wenyewe. Angalia kwenye kadi amemeza SP (vidonge vya kukinga malaria kwa wajawazito) mara ngapi.

Jingine: chembe nyeupe za damu hupanda ndani ya siku moja baada ya sindano, hushuka kufikia siku ya tatu. Usiziite maambukizi kwa hilo peke yake. Na mwenye kisukari sukari yake hupaa kuanzia karibu masaa 12 na inaweza kusumbua hadi siku ya tano. Huyo asichomwe mahali pasipo na glukomita (kipima sukari).

---

sista_njiti

Mmeongea sana ya kabla ya kuzaliwa, naomba nafasi kidogo kwa sisi tunaompokea.

Mtoto huyu ana mambo mawili ya kushusha sukari: ini halina akiba, na mama kachomwa steroidi. Utafiti wa Marekani wa 2016 kwa mimba za wiki 34 hadi 36 ulionyesha sukari kushuka kwa asilimia 24 ya watoto waliochomewa, dhidi ya 15 kwa wengine, na hao hawakuwa wamedumaa. Kwa hiyo pima sukari saa ya kwanza, kisha kabla ya kila mlo kwa siku ya kwanza. Usingoje atetemeke. Njiti anaweza kuwa na sukari ya chini akalala kimya tu, mnasema "katulia".

Ikiwa chini ya 2.6 mmol/l na ana dalili, au mlo haujaipandisha: dekstrozi ya asilimia 10, ml 2 kwa kilo, kwenye mshipa polepole. Wa kilo 1.2 anapata ml 2.4. Mkiwa na ya asilimia 50 tu, vuta ml 2, ongeza ml 8 za maji ya sindano, umepata ml 10 za asilimia 10. Msichome ile ya 50 ilivyo, inaunguza mishipa. Baada ya hapo dripu iendelee, pima tena baada ya dakika 30. Kosa la kila siku ni kusukuma dekstrozi moja ya haraka na kuondoka. Sukari hupanda, insulini inaitika, saa moja baadaye iko chini kuliko mwanzo.

Joto 36.5 hadi 37.5. Mfuko wa nailoni safi mpaka shingoni pale pale anapozaliwa, kofia, halafu kifuani kwa mama. Utafiti wa kangaruu ya mapema wa 2021, Tanzania ikiwemo, ulipunguza vifo kwa robo kwa watoto wa kilo 1.0 hadi chini ya 1.8, na walianza bila kungoja mtoto "atulie" kwanza. Sindano ya mapafu kwa mtoto aliyeachwa apoe mezani haina kazi.

Anayekoroma na kuvuta mbavu: sipapu mapema. Ile ya mapovu, mrija uzame sentimita 5 ndani ya maji, na mtazame kila saa kama mapovu yapo. Yakikoma, hewa inavuja puani au maji yamepungua. Oksijeni ya damu isipande juu ya asilimia 95, macho ya njiti hayapendi.

Maziwa ya kwanza ya mama, yakamuliwe ndani ya saa moja, hata ml 1 kwa kikombe au mrija. Ila kama dopla ilionyesha mkondo haupo au unarudi nyuma, tuambieni. Utumbo wake ulikosa damu tumboni, tunaongeza maziwa polepole na kuchunguza tumbo lisivimbe. Kwa hiyo lile jibu la dopla liandikwe kwenye faili la mtoto pia.

---

mkunga_ziwani

La mwisho kabisa Dokta. Kamaliza dozi nne wiki ya 29, dopla ikapendeza, wiki mbili zimepita, hajazaa. Sasa ana 31 na dopla imeharibika tena. Anarudiwa?

---

Dkt_wodi_ya_wazazi

Anaweza kurudiwa kozi moja, mara moja tu: ikiwa siku 7 zimepita tangu ya kwanza, bado yuko chini ya wiki 34, na atazaliwa ndani ya siku 7 zijazo. Kozi za kurudiarudia hupunguza uzito wa mtoto, na huyu hana wa kupoteza, kwa hiyo hairudiwi "kila wiki kwa usalama". Kwa dopla iliyoharibika wiki 31 namrudia, dopla yake naiangalia kila siku, na tieta inajua jina lake.